Makarius Ntirampeba na Vibaraza vya Barabara ya Ghalani

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bwana Makarius Ntirampeba, fundi sanifu wa barabara katika ofisi yetu hapa Kasulu, atastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Ameomba sherehe iwe fupi na isiwe na hotuba. Ombi lake tumelipokea kwa heshima na kulikataa kwa kauli moja.

Makarius alizaliwa Kumsenga, wilayani Kibondo, na kazi aliianzia hukohuko mwaka 1992, akisimamia barabara za udongo za kwenda Murungu na Mabamba. Gari la ofisi lilikuwa mgonjwa wa kudumu, kwa hiyo alizunguka kwa baiskeli, futikamba mfukoni na panga kwenye keria. Wazee wa Murungu bado wanasimulia masika ambayo kalavati liliziba na maji yakaanza kula barabara. Makarius hakungoja vibarua. Aliingia mwenyewe hadi kifuani, akatoka na gogo, matope ya kutosha kufyatulia tofali, na kambale mzima. Kambale aliliwa jioni ile, na mpaka leo Makarius anashikilia kwamba ile ilikuwa mali ya umma.

Alihamia Kasulu mwaka 2004, na hapo ndipo sisi tulipoijua kasoro yake. Makarius ni Muha asiyesimama kusalimia. Msomaji wa mbali huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kwetu salamu ni kikao. Unauliza za nyumbani, za mvua, za mgonjwa, za mifugo, halafu unarudi tena nyumbani kuhakikisha hujasahau mtu. Yeye alirusha "Mwidiwe" moja juu ya bega, na jibu lilipotoka alikwisha kata kona. Ofisini tulimwita Bwana Napita. Hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, jambo ambalo wengine wetu tulilichukulia kama uchokozi.

Mwendo huohuo ndio uliompa kazi yake kubwa. Barabara ya Ghalani inashuka kutoka kwenye maghala ya nafaka hadi sokoni, na kwa miaka mingi kila kiumbe kilipita katikati: malori, bodaboda, wanafunzi, akina mama wenye vikapu kichwani, na vijana wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa. Tulipomzika Mwalimu Irakoze, aliyegongwa na lori akiwa kwenye baiskeli yake, Makarius alirudi kutoka makaburini akaanza kuchora bila kubadili nguo. Alibana sehemu ya magari na kuweka matuta. Pembeni akatenga njia ya baiskeli, na baada yake, upande wa maduka, njia ya waenda kwa miguu. Njia zilipofunguliwa mwaka 2022, wiki ya kwanza watu walianika maharage kwenye njia ya baiskeli kwa sababu ilikuwa safi kuliko nyua zao. Makarius alikasirika sana, ingawa baadaye alikiri kwamba yalikauka vizuri.

Wanafunzi waliacha kugombania barabara na malori, nasi tukaanza kupumua. Kisha akaja dada yake.

Bi. Akimana, dada yake mkubwa, alitoka Kumsenga kuja kuiona kazi ya mdogo wake. Karibu na mashine ya kusaga alikutana na mkwewe, mume wa binti yake. Mama mkwe wa kwetu hampiti mkwewe bega kwa bega. Hurudi nyuma, huinama kidogo, na salamu hupita kwa mbali. Bi. Akimana alirudi nyuma kama alivyofunzwa, na nyuma yake palikuwa na njia ya baiskeli. Kijana Niyongabo alikuwa anateremka na magunia mawili ya mkaa, na mzigo ule hausikii breki. Bi. Akimana alivunjika mkono, na Niyongabo akalia kuliko yeye.

Hospitalini Makarius alitaka kujua kwa nini kijana hakupiga kengele. Dada yake alimjibu kwa maneno ambayo sasa yanajulikana mji mzima: "Ewe Makari, kengele haina kosa. Mdogo wangu, umejenga njia ya watu wasiojuana."

Habari ilienea, na wafanyabiashara wakaitisha kikao. Bwana Bazilio, mwenye duka la mabati na misumari, aliwaongoza kudai njia zing'olewe na mahali pa kushushia mizigo parudi kama zamani. Walikuwa na hoja nzito mkononi: ikiwa njia imemvunja mkono dada wa fundi mwenyewe, itamwacha nani? Wengi ukumbini waliafiki. Kama zingeng'olewa, wanafunzi wangerudi kati ya malori, pale pale alipoangukia Mwalimu Irakoze.

Makarius angeweza kumtupia lawama Niyongabo, na watu wangekubali. Alisimama akasema kosa ni la mchoro, na mchoro ni wake. Alipima upana wa mtu anayetembea, akasahau kwamba hapa mtu hatembei tu, hukutana na watu. Aliomba aachiwe mpaka mvua zianze, akishindwa ang'oe ukingo wa njia hizo kwa mikono yake. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Kilichofuata hatukukitegemea. Bwana Napita alichukua kiti cha ofisini, akakiweka kando ya Barabara ya Ghalani, akakaa. Alitaka kuona watu wanasimama wapi. Lakini huwezi kukaa njiani Kasulu ukatazama watu bila kusalimiwa, na aliyekaa hana pa kukimbilia. Siku za mwanzo alijibu kama mtu anayelipa faini. Baadaye tulipita tukamkuta anauliza za mgonjwa, tena kwa jina la mgonjwa. Alirudi ofisini akijua kwamba watu husimama mbele ya mashine ya kusaga, kwenye lango la kanisa, kwa mama muuza dagaa, na zaidi ya kote, mbele ya duka la Bazilio.

Pale pote aliomba wenye maduka wampe kipande cha uwanja wao ili njia ipanuke, paezekwe kivuli na kuwekwa benchi. Watu waliita sehemu hizo vibaraza. Bazilio alikuwa wa mwisho kukubali, na alikubali kwa kununa. Siku hizi yeye ndiye anayefagia kibaraza chake kila asubuhi, kwa sababu amegundua kwamba mtu akisalimia kwa muda mrefu mbele ya misumari, mwishowe hukumbuka bati linalovuja nyumbani. Njia hazikung'olewa. Tangu hapo hatujamzika mtu yeyote aliyegongwa Barabara ya Ghalani, na mafundi wa Kibondo wamekwisha kuja kuazima mchoro.

Makarius, tunakushukuru kwa makalavati, kwa madaraja, na kwa kutufundisha kwamba kosa likikubaliwa mapema hurekebishika. Nitaukosa hata ule mlio wa viatu vyako ukiwa umenipita kabla sijafungua mdomo, ingawa, kusema kweli, umepungua sana.

Siku ya sherehe hatutamtumia gari. Atatoka ofisini kwa miguu na kushuka Barabara ya Ghalani mpaka ukumbini. Bi. Akimana amefika kutoka Kumsenga. Mkono wake haunyooki sawasawa, lakini anasalimia nao, na amesema atakaa kibaraza cha kwanza. Niyongabo atakuwa cha pili, Bazilio cha tatu, na watoto wa marehemu Mwalimu Irakoze wameomba kile cha kanisani. Ndiyo maana ratiba ya sherehe haina saa ya kuanza. Mgeni rasmi ameelezwa na amekubali kungoja.

Tunakutakia uzee wenye afya, migomba yenye mikungu mizito, na njia yenye watu wa kukusimamisha kila hatua chache. Usiwapite.