Maji ya Paa la Sekgobela

Basi lilipotoka Alexandra, Sekgobela alifungua dirisha japo mvua ilikuwa bado inanyesha. Mama aliyeketi kando yake, kanzu nyeupe ya kanisa imemlowa mpaka kifuani, alikuwa ananuka choo.

Ili asionekane mwenye maringo, akaanzisha soga. "Mvua hii hainitishi tena. Ua wangu ulikuwa ukijaa maji, nikayaunganisha maji ya paa kwenye bomba la choo. Sasa pakavu kabisa. Akili ni mali, mama."

"Yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda zake huko chini."

"Huko chini ni kwetu, baba." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Sekgobela. "Leo tulikuwa tunabatiza mtoni Jukskei. Mchungaji kamshika mama mkwe wangu, hata hajamzamisha, mvua ikashika, chemba ya majitaka pale kingoni ikafumuka. Uchafu wote ukatushukia. Bomba la choo haliwezi kubeba na mvua."

"Paa langu ni moja tu, mama. Manispaa ndiyo ya kulaumiwa, wapanue bomba."

"Kila nyumba ya huko juu ina paa moja tu, baba."



Basi likasimama. Yule mama akainuka, akaibana kanzu yake isije ikagusa suti ya Sekgobela. "Unisamehe kwa harufu, baba."

"Si kitu, mama," Sekgobela akajisikia akisema. Akamsamehe.