Ubao Uliofichwa Darini: Maisha ya Marehemu Ludvik Prelesnik (1946–2023)

Marehemu Ludvik Prelesnik alizaliwa Sodražica tarehe 3 Machi 1946, mtoto wa Karel na Justina. Mimi Rezka, ninayewasomea haya, nilimfuata miaka minne baadaye, na hatukuwa na wengine.

Alisoma hapa kijijini miaka minane, kisha mwaka 1961 akaenda Ribnica kujifunza useremala. Alikuwa mbishi tangu utotoni, tusidanganyane mbele ya jeneza lake.

Kuanzia 1964 hadi 2004 alifanya kazi katika karakana ya samani. Lakini wengi wenu mnamjua kwa mbao za kukatia mkate. Kila wawili waliooana hapa kijijini aliwatengenezea ubao mmoja wa zawadi. Aliunganisha vipande vya miti ya mpea na mjozi kwa gundi, akiwa amevisimamisha ili ncha za nyuzi za mti zitazame juu na kisu kipite kati yake bila kuziumiza. Waliokuja kujifunza kwake aliwaonya kila mara: "Ubao wa namna hii usiuzungushie fremu. Mti unavimba na kunywea. Ukiubana, utapasuka."

Mwaka 1969 alimwoa Štefka, wakajaliwa binti mmoja, Darinka. Darinka aliolewa na Ivo wa Maribor Jumamosi tarehe 12 Februari 1994, na baba yake alifika harusini mikono mitupu. Jirani akamuuliza mezani, "Ludvik, ubao wa bintiyo uko wapi? Miti imeisha msituni?"

"Kula keki," akajibu.

Basi sote tukaamini hamtaki Ivo. Darinka naye aliamini. Akawa anakuja mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi, na kuondoka kabla kahawa haijapoa. Štefka aliumia kwa jambo hilo mpaka alipofariki mwaka 2015.

Septemba mwaka huu moyo wa kaka yangu ulidhoofika, na Darinka akaja kumuuguza. Siku moja baada ya chakula cha mchana baba yake alimwambia, "Panda darini. Nyuma ya pipa kuna kitu kwenye gunia."

Darinka alishuka na ubao wenye fremu ya mjozi, umepasuka kutoka pembe hadi pembe. Kwenye fremu palichongwa: Darinka na Ivo, 1994. Nilikuwepo.

"Baba, umeandika jina la Ivo."

"Ningeandika la nani? Si ndiye aliyekuoa?"

"Na fremu je? Si ulikuwa unawakataza watu?"

"Nilitaka pa kuchonga majina. Wiki moja kabla ya harusi ukapasuka kando ya jiko. Fundi mzima, nimeharibu kama mwanafunzi."

"Watu walisema humtaki Ivo. Hata mimi nilisema."

"Nilisikia. Nikaona afadhali waseme hilo."

Darinka alilia, nami nikalia, na kwa kweli nilimkasirikia kaka yangu sana. Miaka ishirini na tisa! Kisha akaomba msumeno aitoe ile fremu autengeneze upya.

"Huugusi, baba," Darinka akasema. "Huu ni wangu."

Kaka yangu alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Novemba, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ivo.

Ameacha binti yake Darinka, mkwewe Ivo, wajukuu Tilen na Neža, na mimi dada yake. Baada ya mazishi karibuni nyumbani. Mkate wa leo utakatwa juu ya ubao huo, na atakayeukata ni Ivo.

Pumzika kwa amani, kaka. Hakuna anayekucheka.