Salamu Iliyonitoka Mbele ya Meza Yao

Ndugu zangu, mko salama? Leo sianzi na ile salamu yetu mnayoingoja. Nitaisema, msijali, lakini nisikilizeni kwanza, maana hiyo salamu ndiyo ushuhuda wenyewe.

Mimi ni Kagendo, wengi mnaniita Mama Makena. Baba yake Makena aliaga dunia msichana akiwa mdogo, tukarudi hapa Muthara kwa mama yangu. Nilikuwa nikijitolea pale senta ya kukusanya maziwa huku nikitafuta kazi ya maana. Niliitwa intavyu nyingi, na kila mara nikiona watu wamekaa upande ule wa meza, ulimi unakauka. Si mnajua tulivyolelewa? Mtoto hajisifu mbele ya wakubwa. Sasa mtu mwenye mvi anakuambia, "Tueleze uzuri wako," nawe unaangalia viatu vyako!

Nilichoka. Nikakubali kwenda Saudia kufanya kazi ya nyumba. Ajenti alishachukua pasipoti, nilishapimwa hospitalini, nilikuwa nangoja tu kuambiwa siku ya kusafiri. Makena akaanza kulala ameshika nguo yangu. Alishika tu. Ndugu zangu, afadhali angelia!

Hapo ndipo kampuni moja ya maziwa kule Meru mjini ikaniita. Walitaka mtu wa kushughulikia malalamiko ya wakulima. Nilijua nikikosa hii, naenda Saudia. Mwalimu Karimi, huyu ameketi hapo mbele, aliyefundisha shule ya Kaaga mpaka akastaafu, akasema lazima tufanye mazoezi. Alivaa miwani akawa meneja. "Usiangalie chini, msichana wangu! Mimi si kiazi, siko ardhini!" Nikakariri majibu kwa Kiingereza. Nilikariri nikikama, nikakariri nikikata majani ya nepia ya ng'ombe, mpaka mama akaniuliza kama nina homa.

Siku yenyewe ikafika. Niliingia nikakuta wanaume wawili na mama mmoja. Mzee wa katikati akaniuliza kwa Kiingereza mimi ni nani. Nikafungua mdomo. Hakuna! Yale majibu yote yameenda! Nikamwona Makena moyoni, ameshika nguo yangu. Nikajikuta nimesimama, na mnajua mtu wa hapa kanisani kwetu akisimama mbele ya watu, mdomo unajua neno moja tu. Nikasema kwa sauti, "Bwana asifiwe!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini yule mzee akaitikia, "Amen!" kabla hajajua anafanya nini. Mwenzake akamgeukia. Yule mama akacheka mpaka akafuta macho.

"Haya, dada," akasema, "umeshatusalimia. Sasa tupe ushuhuda. Mkulima akija kwako amekasirika, unafanya nini?"

Ushuhuda, ndugu zangu! Hicho ndicho kitu najua! Kwenye ushuhuda hujisifu, unasema tu yaliyotendeka. Nikawaambia kuhusu mzee mmoja aliyeleta maziwa pale senta yakakataliwa, akayamwaga miguuni pangu akinitukana. Nilimsalimia, nikamuuliza ng'ombe wake anaitwa nani. Akaniambia, na akiendelea kuniambia habari zake hasira ikapungua. Tukaenda kwake pamoja tukakuta kiwele kimevimba, tukamwita daktari wa mifugo. Mpaka leo yule mzee hapiti senta bila kuuliza nimeamkaje. Nilipomaliza, yule wa katikati alikuwa ameweka kalamu chini.

Wakasema watanipigia. Hilo neno mnalijua! Nilingoja nikakonda. Simu ikilia moyo unaruka, nakuta ni mtu wa senta anauliza funguo. Halafu ajenti akapiga: tikiti iko tayari, nimjibu jioni hiyo hiyo. Nikakaa kwenye nepia niliyokata, nikamwambia Mungu, "Baba, mtoto huyu nitamwachaje?"

Simu ikaita tena. Namba siijui. Nikasema huyu ni ajenti na namba nyingine, nikaogopa kuishika. Makena akasema, "Mama, itakatika." Nikashika nimefunga macho.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, na haikusema halo. Ilisema, "Bwana asifiwe, dada Kagendo!"

Ni yule mama wa intavyu! Nilishindwa kuitikia. Nililia tu, naye akangoja mpaka nikatulia, ndipo akaniambia nianze Jumatatu.

Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu wangu. Pasipoti nilirudishiwa, iko ndani ya sanduku. Makena bado analala ameshika nguo yangu, lakini siku hizi usingizi ukimshika, anaiachilia.

Kama uko hapa na unangoja simu, mwamini huyu Mungu. Unaweza kusahau kila kitu ulichokariri, yeye hatakusahau. Sasa simameni. Siku ile kwenye simu sikuweza kuitikia, kwa hivyo leo niitikieni nyinyi.

Bwana asifiwe!