Mzee Pua na Kifuniko cha Gari la Maharusi

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Mwenye karakana ameniagiza mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wa kuchekesha ili watu wachangamke kabla ya keki. Nimejaribu. Atakayeona maneno yamepinda anisamehe, maana wiki hii haikuwa ya kucheka.

Aliingia hapa akiwa mwosha vyuma, akawa fundi msaidizi, kisha fundi mkuu. Jina la kwenye kitambulisho chake tumeshalisahau. Sote tunamwita Mzee Pua. Alikuwa akilisogelea gari, anainama kidogo, anavuta pumzi, kisha anasema klachi imeungua, au betri inachemka, au bomba la petroli limetoboka upande wa kushoto. Wateja walidhani ni uganga. Mama mmoja alimwomba amnusie na mumewe. Alikataa, akasema yeye ni fundi wa magari tu.

Kazi iliyomtambulisha ni lile gari jeusi la kizamani tunalowakodisha maharusi. Lina umri mkubwa kuliko wengi wetu, linang'aa kama kiatu kipya, na lina ugonjwa mmoja sugu: kifuniko cha tangi la petroli kinavuja. Tangi likijaa na gari likikata kona, petroli inachuruzika ubavuni. Vifuniko vya aina ile havitengenezwi tena. Kwa hiyo Mzee Pua alikata mpira mwenyewe kwa wembe, akausawazisha mdomo wa tangi kwa msasa, akayakunja kidogo yale masikio mawili ya kifuniko ili yabane. Anafunga, ananusa, anatikisa kichwa, anafungua tena. Siku akifunga na kunyamaza, tulijua gari limepona, angalau kwa miezi michache.

Kuna mwaka alikuwa likizoni, na mchomeleaji wetu akajitwika kazi ile. Aliona kitundu kidogo katikati ya kifuniko, akaamini amemkamata mwizi. Akakiziba. Kweli, petroli haikuvuja hata tone. Lakini kitundu kile ndicho tangi linachovutia hewa, na bila hewa petroli haishuki. Gari likazima katikati ya mlima, na bibi harusi akashuka kulisukuma, shela na yote. Mzee Pua aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Alimwambia mchomeleaji kwamba hata mtu ukimziba pua na mdomo hatavuja, ila hatafika popote.

Mwaka jana pua ile ilikufa. Mafua yalikuja, na yalipoondoka yaliondoka nayo. Alitueleza mwenyewe, ameshika chupa ya petroli ambayo kwake ilikuwa sawa na maji. Nilimtia moyo kwamba itarudi.

Kazi haikusimama. Kifuniko kilipovuja tena alikitengeneza kama kawaida, kisha akamwita mpiga rangi anuse kwa niaba yake. Mpiga rangi akanusa, akasema safi kabisa. Gari likatoka, petroli ikachuruzika hadi kwenye bomba la moshi, na ubavu wa nyuma ukashika moto. Bahati dereva alikuwa peke yake, akauzima kwa mchanga. Ndipo tulipogundua kwamba mpiga rangi hana pua tangu zamani. Dawa za kuyeyushia rangi zilishaimaliza, na mwenyewe hakuwa na habari. Tukajipima sote kwa kitambaa kilicholowa petroli. Mchomeleaji hakupata kitu. Fundi betri hakupata kitu. Mimi niliyezeeka stoo katikati ya madumu nilifikiri wamenipa kitambaa kikavu. Karakana nzima haina pua hata moja. Ni jambo la kuchekesha, likiwapata wengine.

Jumamosi, kesho yake ya sherehe hii, kitinda mimba wake anaolewa. Tangu binti huyo akiwa mdogo, baba yake alimwahidi kwamba siku hiyo atapanda gari jeusi, na mwenye karakana amelitoa bure kama zawadi ya kustaafu. Basi Mzee Pua amekuwa juu ya kifuniko kile asubuhi na jioni. Amekata mpira, ameutupa, amekata mwingine. Alijaza tangi hadi juu, akaliinamisha gari kwa jeki, akafunga kitambaa cheupe shingoni mwa tangi. Kitambaa kikabaki kikavu. Lakini hata kabla ya ule moto alijaribu hivyohivyo na kilibaki kikavu, maana petroli hukauka bila kuaga. Tukawaita wapita njia wanuse. Walisema kifuniko kinanuka, na ukuta unanuka, na sisi wenyewe tunanuka. Tukalisukuma gari hadi barabarani, wakasema bado wanatusikia sisi.

Jumatatu akamleta mkewe. Tulishangaa kwa nini hatukumfikiria mapema. Huyu ndiye aliyekuwa akimsimamisha mlangoni kila jioni na kumwambia, “Unanuka petroli, vua hukohuko nje.” Hata Jumapili, alipotoka hapa kukiangalia kifuniko, aliambiwa hivyohivyo. Mzee Pua alitutambia kwamba nyumbani kwake bado kuna pua nzima.

Mama aliinama kwenye kifuniko, akavuta pumzi taratibu, akasema, “Hakinuki kabisa.”

Mchomeleaji akapiga makofi. Mimi machozi yalinitoka, sifichi. Mzee Pua peke yake hakushangilia. Alichovya kitambaa kwenye kopo la petroli, akakileta kinadondoka hadi puani mwa mkewe.

“Na hiki?”

“Si maji tu hayo?” Mama akatutazama mmoja mmoja. “Mbona mmenyamaza?”

Mzee Pua alimweleza kwa upole kwamba ile ni petroli, kisha akamuuliza kuhusu yale maneno ya mlangoni. Mama akasema, “Nilikuwa nasema tu, baba. Nimezoea kusema.” Tangu waoane amefua ovaroli zile kwa mikono yake, kwenye beseni, na hakumbuki ni lini harufu ilikoma.

Mzee Pua alikaa kwenye tairi na kuinamisha kichwa. Alisema petroli ile hakuna mwingine aliyeipeleka nyumbani, ameipeleka yeye, kila jioni, kwenye nguo. Mama alimwambia aache maneno hayo mbele za watu. Baadaye Mzee Pua alimrudishia mwenye karakana ufunguo wa gari. Tumembembeleza abadili mawazo, bosi mwenyewe amembembeleza. Amesema hawezi kumpakia mwanawe kwenye gari ambalo hakuna mtu wa kuliapia. Binti atapanda gari la kukodi, jeupe, kama maharusi wengine.

Nimekikagua kifuniko hicho kwa macho yangu. Mpira umekaa vizuri, masikio yamebana, kitundu cha hewa kiko wazi. Naamini kimepona. Naamini hii ndiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya hapa, na ndani ya karakana hii nzima hayupo wa kumthibitishia.

Fundi wetu mkuu, asante kwa miaka yote. Asante kwa magari yaliyofika salama, na kwa watu waliokuwa ndani yake ambao hata hawajui wewe ni nani. Nenda na mama mkapumzike, mwozeshe binti yenu kwa furaha, na maisha yawe mema kwenu. Ulistahili kutoka hapa ukiwa na hakika.