Mifuko Arobaini ya Walinzi

Kijiwe chao ni benchi moja la mbao nje ya duka lililofungwa, mguu mmoja umetegemezwa kwa tofali. Asubuhi ile walikuwepo Gia, dereva mstaafu, na Waya, fundi umeme asiyekosa jibu. Mama Birika alikuwa akiwamiminia kahawa. Katikati yao alikaa Pindo, fundi cherehani, na kahawa yake hakuigusa. Jana alikabidhi mashati arobaini ya walinzi wa hospitali, kila moja na nembo iliyodariziwa kwenye mfuko wa kifuani. Leo mkewe alichukua shati la mfano, akajaribu kutia kalamu mfukoni. Kalamu ikagoma. Sindano ilikuwa imepita nembo, mfuko na shati lenyewe. Mifuko yote arobaini aliishona hivyo hivyo. Kwa aibu, akaamua kuuliza kwa mgongo wa mwingine.

— Nina rafiki yangu, fundi kama mimi, alianza. Anaweka nembo kwenye mifuko ya mashati. Anunue mashine gani ili asifunge mfuko?

— Kwani ameshafunga? Gia akauliza.

— Mmoja… miwili hivi.

— Huyo si fundi, huyo ni mhunzi! Waya akacheka. Mwambie anunue mashine ya kukandamiza kwa joto. Nembo iwe na gundi mgongoni, unafunika, unahesabu hadi kumi na tano, basi. Uzi wa nini zama hizi?

— Gundi kwenye shati la kufuliwa kila siku? Gia akadakia. Anunue cherehani yenye mkono mwembamba. Mfuko unauvisha ule mkono kama soksi, sindano inapita upande mmoja tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo na soksi, wapi na wapi? Waya akauliza.

— Utaelewa ukikua.

— Na umeme ukikatika? Mama Birika akauliza.

— Anachukua pasi ya mkaa na jeki ya gari, Waya akasema. Pasi juu ya nembo, jeki juu ya pasi, anapandisha mpaka iguse dari. Nembo haitoki hata kwa shoka.

— Jeki ya lori, Gia akasahihisha. Ya gari dogo haina adabu.

— Paa likiinuka je? Mama Birika akauliza.

— Nyumba itapata hewa, Gia akajibu. Haba na haba hujaza kibaba!

Wakacheka. Pindo naye alicheka, maana asiyecheka angejulikana.

— Ila huyo rafiki yako, Gia akasema akijifuta machozi, alijifunzia kwenye magunia? Mimi ningekuwa yeye ningehama mtaa.

Pindo akainamia viatu vyake.

Ndipo akaja dada mmoja mlinzi, shati jipya bado lina mikunjo, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

— Shikamooni, baba zangu. Mama, nipe ya moto.

— Marahaba, mwanangu, Gia akaitikia. Mbona kalamu kichwani?

— Mfuko umeshonwa wote, baba. Tuko arobaini, wote hivi. Mkuu wetu katuambia tutie kalamu mfukoni, kila mtu akawa anajikuna kifua tu.

Waya na Gia wakatazamana, kisha wakamgeukia Pindo. Dada hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua:

— Huyo fundi, kabla hajatukabidhi, hakutia mkono hata kwenye mfuko mmoja?

Waya akanywa kutoka kikombe kitupu. Gia alitafuta methali, asiipate.

— Sikutia, dada, Pindo akasema.