Mji Usio na Kiti

Ndugu waombolezaji, Waislamu, Wakristo na ninyi mnaoshika mila za wazee wetu, mimi Lekishon wa Kijenge, shemeji wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma habari hizi, kwa kuwa nina sauti inayovuka mto Themi bila kuloa, na kwa kuwa herufi nilifundishwa na marehemu mwenyewe kwa miezi miwili, zilizobaki nikajimalizia.

Mwalimu Kombo bin Mwinyihaji alizaliwa Pangani mwaka 1849, akaingia chuoni akiwa na miaka sita, akahitimu Kurani akiwa na kumi na mmoja, na mwaka 1881 akapanda huku na msafara wa pembe, yeye akiwa mwandishi wa barua, akaumia mguu chini ya Mlima Meru, wenzake wakamwacha kwa baba yetu, naye baba akamponya na kumkuta hana haraka ya kuondoka.

Mwaka 1884 alimuoa dada yangu Namnyaki, wakajaliwa watoto wanne, nao walio hai ni Nasieku na Lemburis, na kazi yake ilikuwa kufundisha na kuamua ugomvi wa mifereji kutoka hapa hadi Maji ya Chai, na ni huko mferejini, nami nikiwepo, tena nikimshikia wino, alikoanza utenzi wake wa beti arobaini juu ya mji ambao hauna kiboko cha kuchapia watu, mgeni haulizwi dini kabla hajashiba, na hakuna kiti hata kimoja, kwa sababu mwamuzi hukaa chini pamoja na anayeamuliwa. Ubeti wa saba ni huu:

Mwenye shamba la juuni
atanywa maji mwishoni
kwanza yafike bondeni
kwa mjane na yatima

Tarehe 14 Juni 1910 bwana shauri mmoja, mkubwa wa serikali aliyepata habari za utenzi ule, alimwita, akamuuliza mbele ya watu, "Na mimi katika mji wako nitakaa wapi?" Mwalimu akamjibu, "Bwana, chini kuna nafasi kubwa." Alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano kamili, akiwa mzee wa miaka sitini na mmoja, karatasi za utenzi zikachomwa mbele yake, ikatangazwa kwamba atakayesikika akiusoma utenzi ule atapigwa vilevile, naye akarudi nyumbani akitambaa, akalala kifudifudi, akaanza kutuita mmoja mmoja, Mwarusha, Mmeru, Mswahili, kila mtu akapewa ubeti mmoja wa kushika kichwani, akakatazwa kujifunza wa mwenzake, ili asiwepo wa kujidai ana mji peke yake, na kwa jinsi hiyo beti thelathini na tisa ziligawiwa, mimi nikapata ule wa saba, ambao kila mwenye masikio anajua ndio mzuri kupita zote.

Januari mwaka huu alishikwa na kifua, na serikali ikamtuma karani Naftali, huyu aliyekaa pale nyuma kwenye kiti alichokuja nacho, asikilize kando ya kitanda na kuandika majina yetu sisi tulioshika beti, lakini siku tisa alimnywesha mgonjwa uji na penseli haikutoka mfukoni, na siku ya tisa Mwalimu akatutoa wote nje, hata Namnyaki, akabaki na Naftali. Alifariki jana, Alhamisi tarehe 29 Februari 1912, saa kumi alasiri, siku ambayo kalenda ya serikali yenyewe haitaiona tena mpaka miaka minne ipite, sasa wajaribu kutukataza kumbukumbu yake.

Familia inamshukuru mganga wa misheni aliyekuja kwa miguu kwenye mvua, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wa mifereji waliofunga maji leo ili wote wafike.

Waombolezaji, majembe yako chini na hayatainuliwa mpaka mji wake usimame hapa kaburini, ubeti kwa ubeti, kila mtu na wake. Naftali, ndugu yangu, jina langu uliandike la kwanza, Lekishon, kwa herufi kubwa, nasi tukishafika wa thelathini na tisa tutanyamaza tukungoje, maana wa arobaini unao wewe, na jua bado liko juu.

Pumzika, Mwalimu, umetuachia kazi na tumeipokea. Na wewe Naftali, kiache hicho kiti, usogee huku kwetu, chini kuna nafasi kubwa.