Mnyororo wa Bi Saumu

Sifa zote ni kwa Bwana anayeona mpaka chini ya rangi! Wapendwa, mimi ni mama Baraka, mzaliwa wa Masasi, mkazi wa Kariakoo tangu nilipoolewa. Humu kanisani wengine mnanijua kwa mashine zangu, wengine mnanijua kwa mdomo wangu. Leo vumilieni vyote viwili.

Ndugu zangu, mume wangu alipofariki aliniachia pikapu, jenereta na mashine ya kuchanganyia zege. Kazi yetu ni kuwakodishia wajenzi mashine. Na Kariakoo mnaiona wenyewe, kila uchochoro unachimbwa msingi. Kazi ipo! Tatizo, mashine ya zege haiingii kwenye pikapu yangu. Ilinibidi nikodi gari la mtu kila mara, na mwenye gari ananiambia, "Nipo njiani, mama," huku nasikia maji anayooga. Wateja wakachoka, wakaanza kuondoka. Mkandarasi mmoja aliyebaki akaniambia waziwazi: "Mama Baraka, nakuheshimu, ila Jumatatu mashine ikichelewa tena, tusitafutane." Nikajua kazi aliyoiacha baba Baraka inafia mikononi mwangu. Nililia, jamani. Nilikuna nazi huku nalia.

Nikaamua kutafuta trela la mtumba, lile bapa lisilo na kuta, la kufunga nyuma ya pikapu. Nikafunga na kuomba. Nikasema, Bwana, nipe ishara nisikosee.

Tukaenda Gerezani, kule Kariakoo wanakouza magari na vyuma vya mtumba, mimi na mwanangu Baraka, ambaye ndiye dereva wangu. Kumbe ishara inanisubiri! Trela la bluu, linang'aa, na kwenye ubao wa nyuma limeandikwa kwa rangi nyeupe: YESU ANAWEZA. Nilipiga vigelegele palepale, mafundi wakageuka. Baraka akasema, "Mama, tuangalie na chini." Niiname kuangalia nini, ndugu zangu, wakati jina la Yesu liko juu? Muuzaji naye akaona amempata mtu wake. Akaniambia, "Mama, hili trela limeokoka."

Mnacheka? Chekeni.

Sasa uwanja wa jirani yake ni wa Bi Saumu. Mjane kama mimi, rika la dada yangu mkubwa, mtoto wa Kariakoo tangu babu zake. Amevaa dera na buti za mvua, na sauti yake, akikuita Gerezani utaitika Mnazi Mmoja. Naye alikuwa anauza trela, la marehemu mumewe. Kutu tupu, mbao zimechakaa, halina hata herufi moja. Nililitupia jicho nikapita.

Na wale watu wana adabu yao ya biashara. Huwezi kumsikia mtu akiponda mali ya jirani mbele ya mteja. Hata akiona kasoro anafumba mdomo, maana kule ni kumharibia mwenzake riziki. Bi Saumu alisimama mlangoni akitutazama tunavyolizunguka lile trela la bluu, hasemi neno. Halafu akaingia ndani, akatoka anaburuta mnyororo mzito.

"Mwanangu, trela wanunua tupu hivyo?" akaniuliza. "Marehemu wangu alikuwa hamwachii mtu trela mpaka apakie mzigo wake mwenyewe, ateremke nao bondeni Jangwani arudi. Kapakie mashine yako kwanza. Na mnyororo huu ufunge, hilo sioni kama linao wa akiba."

Muuzaji akachukia. "Bi Saumu, ndo unaniharibia sasa?"

"Mie nimesema nini juu ya trela lako? Namwazima mwenzangu mnyororo tu."

Ukweli, hata mimi nilichukia. Nikasema rohoni, huyu anataka niliache la Yesu, ninunue kutu lake. Lakini Baraka alikuwa ameshaupokea mnyororo, akaufunga upande mmoja kwenye trela, upande mwingine kwenye pikapu. Muuzaji akaona aibu kukataa. Tukapitia nyumbani, tukapakia mashine ya zege, tukaondoka.

Tukapita kituo cha Faya, tukaanza kuteremka Jangwani. Mimi naimba pambio. Mara nikasikia mlio, paa! Kile chuma cha mbele, kinacholiunganisha trela na gari, kimekatika. Trela likaangukia pua kwenye lami, cheche zinaruka, mashine inayumba juu yake. Pembeni kina mama wamepanga matunda, bodaboda wanasubiri abiria. Na trela linaelekea kwao! Niliita "Yesu!" kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Mnyororo ukakaza. Ukashika! Baraka akapunguza mwendo polepole, trela likatufuata kama mbuzi asiyetaka kwenda, mpaka tukasimama. Hakuna aliyeguswa. Hakuna hata mmoja, wapendwa!

Nilishuka. Sasa ndiyo nikainama. Rangi ilikuwa imebanduka pale kilipokatika chuma, na ndani ya ufa wamejaza puti, ile wanayozibia mabati ya magari, inamwagika kama unga wa sembe. Tukampigia muuzaji simu, alipofika alikaa chini akashika kichwa. Naye aliuziwa hivyohivyo, limeshapakwa rangi. Sina kinyongo naye.

Tukakodi gari la kubeba mashine, tukarudi kwa Bi Saumu. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Sikujua, mama. Rangi mpya ilinitia shaka tu. Sasa kwa shaka nimharibie mtu soko lake? Na nikinyamaza, mkafa?"

Ndugu zangu! Mwanamke yule alitaka kuuza la kwake. Angetupa neno moja tu angeuza. Hakulitupa. Akatafuta njia ya kunilinda mimi na kumsitiri jirani yake, akaipata kwenye mnyororo! Nampenda, nasema mbele yenu. Nikataka kulinunua trela lake palepale, akakataa. "Na langu mkalijaribu. Mie nani hata mniamini hivihivi?" Tukapakia mashine, mnyororo uleule, Jangwani na kurudi. Halikulia hata mbao, nikalinunua. Jumatatu mkandarasi alifika kazini akakuta mashine inamsubiri, na yuko nami mpaka leo.

Najua kuna anayejiuliza, mbona Mungu amtumie Bi Saumu, mtu wa msikitini? Kamuulize Mungu. Mimi nilikuwa kwenye pikapu.

Nilimwomba ishara, nikakimbilia kuisoma kwenye rangi, naye alikuwa ameshanipangia mtu. Wewe uliyekaa hapo na mzigo wako, kazi inakufia, umechoka kulia, mtegemee Bwana huyu. Na mtu usiyemtarajia akikuambia funga, we funga.

Mnyororo nilimrudishia, nikanunua wangu. Wake anauning'iniza kwenye geti, anayetaka kujaribu trela, la kwake au la jirani, auchukue. Jana nilipita kumsalimia, sikuuona. Nikamuuliza uko wapi.

"Umeenda na mtu Jangwani," akasema.

Nikasimama palepale getini, nikamwombea huyo mtu mpaka aliporudi.